Ukivuta maji chooni, tope huenda wapi?

Msomaji, hebu tuanze na jambo unalolifanya kila siku bila ya kulifikiria. Umeamka asubuhi katika nyumba yako ya kukodisha huko Umoja, Buru Buru au South B, umeingia msalani, umemaliza haja na kuvuta maji. Kishindo kimoja, na yote yametoweka. Kwako wewe mambo yamekwisha. Ukiwa na wasiwasi wowote, ni kama mfereji utakuwa na maji tena jioni.

Ukweli ni kwamba hakuna kilichotoweka. Uchafu ule umeingia katika bomba la chini kwa chini, ukakutana na wa majirani, wa hoteli na wa viwanda, na sasa unasafiri kuelekea mahali pa kusafishia majitaka. Kazi ya huko ni kutenganisha maji na uchafu. Maji yakitoka yakiwa safi kiasi cha kurudishwa mtoni, sote tunafurahi. Lakini uchafu uliotolewa katika maji hayo uko wapi? Umebaki pale pale, ukiwa tope zito, jeusi, lenye kunuka. Na kadiri maji yanavyosafishwa vizuri zaidi, ndivyo tope hilo linavyozidi kuwa jingi. Sijapata kumsikia mkubwa yeyote akilitaja katika hotuba ya kufungua mradi wa majitaka.

Makala haya yanahusu tope hilo, na njia moja iliyobuniwa nchini Japani ya kulipunguza kwa gesi ya ozoni. Njia yenyewe ni ya kushangaza, na inafanya kazi. Kama inatufaa sisi ni swali jingine, nalo tutalifikia.

Bakteria wanaonenepa

Njia inayotumiwa zaidi katika miji mikubwa ya ulimwengu ilianzia Manchester, Uingereza, mwaka wa 1914. Wataalamu wawili, Edward Ardern na William Lockett, walipuliza hewa ndani ya majitaka na kugundua kwamba wakiliacha tope lililotua chini, badala ya kulitupa, na kumimina majitaka mengine juu yake, usafishaji uliokuwa ukichukua wiki kadhaa ulimalizika katika muda usiozidi siku moja. Siri ilikuwa ndani ya tope lenyewe. Tope lile lilikuwa hai. Lilikuwa mkusanyiko wa bakteria wengi mno ambao, wakipewa hewa ya kutosha, hula uchafu ulio ndani ya maji.

Lakini kiumbe akila hukua, na bakteria akikua hugawanyika akawa wawili. Kwa kila kilo moja ya uchafu unaooza ambayo bakteria hawa hula, karibu nusu kilo hurudi ikiwa miili ya bakteria wapya. Sehemu nyingine huliwa na kuwa hewa ya kaboni dayoksaidi na maji. Sehemu ya tope hurudishwa katika tangi ili iendelee na kazi, na ile inayozidi lazima itolewe kila siku, la sivyo tangi litafurika.

Tupige hesabu kidogo. Chukua mji wa watu 100,000, na ukadirie kwamba kila mtu huchangia gramu 50 za uchafu unaooza kwa siku. Hizo ni tani 5. Bakteria wakishazila, utabaki na tani mbili na nusu za tope kavu kila siku. Lakini halitoki likiwa kavu. Linapotoka tangini, kwa kila kilo 100 ni kilo moja tu iliyo tope, na kilo 99 ni maji, kwa hivyo mji huo una tani 250 za uji mweusi mkononi kila kukicha. Ukikamuliwa kwa mashine mpaka uwe kama udongo mbichi wa mfinyanzi, utapungua ufikie tani 12 hivi. Hizo ni karibu safari mbili za lori la tani saba, kila siku, Krismasi na Idi zikiwemo. Ndiyo maana katika nchi nyingi zilizoendelea, shughuli ya tope peke yake huweza kumeza nusu ya gharama yote ya kuendesha mtambo.

Na lori hilo lielekee wapi? Jiji la London lilikuwa na jibu rahisi. Kuanzia mwaka wa 1887, meli maalumu zilibeba tope la jiji hilo hadi mlangoni mwa mto Thames na kulimwaga baharini. Ziliendelea hivyo kwa zaidi ya miaka 100, hadi mwishoni mwa 1998 sheria za Ulaya zilipopiga marufuku kumwaga tope baharini. New York ilikuwa imeachishwa tabia hiyo hiyo mwaka wa 1992. Waliobaki na tope mikononi iliwabidi walichome, walifukie au walipeleke mashambani kama mbolea.

Yai lisilokufa haraka

Mashambani ndiko afya yako na yangu inapoingia. Tope la majitaka lina naitrojeni na fosforasi, vitu vile vile unavyovilipia dukani unaponunua gunia la mbolea. Mboga iliyopandwa juu yake hunawiri ajabu. Lakini chochote kilichokuwa matumboni mwa watu wa mji kimo humo pia.

Kibaya zaidi kwetu sisi ni minyoo. Yule mnyoo mkubwa wa utumbo, mwenye umbo kama la nyungunyungu, hutaga mayai yapatayo 200,000 kwa siku moja. Mayai hayo ni mazito kuliko maji, kwa hivyo hutua chini pamoja na tope. Ganda lake ni gumu, na katika udongo wenye unyevu na kivuli yanaweza kukaa miaka kadhaa yakingoja mtu wa kuyameza. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka wa 2006, linataka tope linalopelekwa shambani liwe na chini ya yai moja la minyoo katika kila gramu ya tope kavu. Kwa kulinganisha na mayai 200,000 ya mnyoo mmoja kwa siku moja, utaona shabaha hiyo ni ndogo kiasi gani.

Kisha kuna metali: risasi, kadmiamu, kromiamu na zebaki kutoka viwandani, kwenye karakana na hata katika betri tunazotupa ovyo. Hizi hazifi wala haziozi. Majitaka ya nyumbani yakichanganywa na ya viwanda katika bomba moja, tope la chini hukusanya sumu zote hizo. Uswizi ilifikia uamuzi wa kukataa kabisa tope la majitaka katika mashamba yake, na ikaanza kulichoma.

Gesi ile ile ya angani

Ozoni unaijua. Ndiyo ile gesi ya tabaka lililo juu sana angani, linalotukinga na miale mikali ya jua. Mkataba wa kulilinda tabaka hilo dhidi ya gesi za majokofu ulitiwa sahihi jijini Montreal mwaka wa 1987, na ofisi ya Umoja wa Mataifa inayousimamia iko papa hapa Nairobi, Gigiri. Angani ozoni ni rafiki. Chini huku, puani mwako, ni adui, na nitaeleza kwa nini.

Oksijeni tunayovuta huwa na atomi mbili zilizoshikana. Ozoni ina tatu, na ile ya tatu haijatulia. Hutafuta kitu cha kurukia, na ikikipata hukichoma, ingawa hakuna moto unaoonekana. Mjerumani Christian Friedrich Schönbein, aliyekuwa akifundisha Basel, Uswizi, aliipa gesi hii jina lake mwaka wa 1840 kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya kunuka. Harufu yake huenda umeinusa bila ya kujua, radi inapopiga karibu au ukisimama kwa muda mrefu katika kibanda cha kutoa fotokopi. Ufaransa imekuwa ikiitumia kuua viini katika maji ya kunywa ya jiji la Nice tangu mwaka wa 1906.

Kwa vile haitulii, ozoni haiwezi kutiwa katika mtungi na kuuzwa kama gesi ya kupikia. Ni lazima itengenezwe pale pale inapotumiwa, kwa kupitisha oksijeni kati ya vyuma viwili vyenye umeme wa nguvu nyingi. Ni radi ndogo ndani ya mashine.

Sasa turudi kwenye tope. Mwaka wa 1994, watafiti wawili wa Kijapani, Yasui na Shibata, walichapisha matokeo ya jaribio lao. Japani ina watu wengi na ardhi ndogo, na tope lake jingi huchomwa, jambo ambalo ni ghali. Wazo lao lilikuwa hili: badala ya kulitoa tope lililozidi, mbona bakteria walio tangini wasile wenzao?

Tatizo ni kwamba bakteria mzima haliki. Fikiria githeri. Ukimpa mtoto mahindi na maharagwe makavu yasiyopikwa, yatapita tumboni na kutokea upande wa pili kama yalivyoingia, kwa sababu maganda hayajapasuka. Ukiyachemsha mpaka yaive, mtoto atakula na kushiba. Ozoni huwafanyia bakteria kazi hiyo ya sufuria. Inapopulizwa ndani ya tope, hupasua kuta za miili yao na vilivyomo ndani humwagika. Uji huo hurudishwa katika tangi lenye hewa, na bakteria wazima huula kama wanavyokula uchafu mwingine wowote. Kila mzunguko, sehemu ya chakula huishia kuwa kaboni dayoksaidi na kupaa.

Sehemu gani? Takriban theluthi moja. Hapa ndipo wengi hukosea wanaposikia habari hii. Ukipitisha kilo moja ya tope katika ozoni hupotezi kilo moja, kwa sababu bakteria wanaokula mabaki ya wenzao nao huzaana. Yasui na Shibata waligundua kwamba ili kumaliza kilo moja ya tope, ni lazima upitishe kilo 3.3 katika ozoni. Dawa yenyewe ilikuwa gramu 50 za ozoni kwa kila kilo ya tope kavu. Mwaka wa 1996 yakatolewa matokeo ya mtambo halisi wa majitaka ya kiwandani, uliokuwa ukipokea kilo 550 za uchafu unaooza kila siku. Kwa muda wa miezi 10 mtambo huo haukutoa tope la ziada hata kidogo.

Faida nyingine haikutarajiwa sana. Kuna bakteria wa nyuzinyuzi ambao, wakizidi, hulifanya tope livimbe na kuelea badala ya kutua, hata likafurika pamoja na maji yaliyosafishwa. Ozoni huanza na hao, kwa kuwa nyuzi zao zimechomoza nje, na tope hutua vizuri zaidi.

Gharama yake

Lakini, msomaji, hakuna dawa isiyo na uchungu. Tuutazame tena ule mji wetu wa watu 100,000. Ili kumaliza tani mbili na nusu za tope kwa siku, utahitaji zaidi ya kilo 400 za ozoni. Kutengeneza kilo moja ya ozoni hula uniti 10 hadi 15 za stima, bila ya kuhesabu gharama ya kuipata oksijeni yenyewe. Hiyo ni kama uniti 4,000 hadi 6,000 kila siku. Nyumba inayotumia uniti 100 kwa mwezi ingehitaji zaidi ya miaka mitatu kufikisha kiasi hicho cha siku moja. Na hapo hujagusa mashine za kupuliza hewa, ambazo lazima zifanye kazi zaidi kwa sababu bakteria sasa wana chakula kingi zaidi cha kula.

Kwa hivyo mahali pengi waliojaribu njia hii baada ya Wajapani hawakulenga kulimaliza tope lote. Waliridhika kulipunguza kwa robo, theluthi au nusu, wakilinganisha bei ya stima na bei ya kulichoma au kulisafirisha. Mahali ambapo kutupa tani moja ya tope ni ghali mno, ozoni hujilipa. Mahali ambapo tope humwagwa uwanjani bila ya mtu kulipa chochote, haitajilipa kamwe, na mhasibu yeyote atakwambia hivyo. Kwa maoni yangu huo ndio ugumu wenyewe: kumwaga huonekana ni bure kwa sababu anayelipa ni mtoto mwenye tumbo la minyoo, na hesabu yake haimo katika vitabu vya mhasibu.

Tena kuna fosforasi. Tofauti na kaboni, fosforasi haiwezi kugeuka hewa ikapaa. Njia yake ya kutoka katika mtambo ni mbili tu, ndani ya tope au ndani ya maji. Ukilimaliza tope, fosforasi yote itatoka na maji kuelekea mtoni. Wakazi wa Kisumu na Homa Bay hawahitaji kuelezwa maana yake. Gugumaji lililoonekana katika Ziwa Viktoria mwishoni mwa miaka ya 1980, na ambalo limewazuia wavuvi kutoka ufuoni mara nyingi tangu wakati huo, hustawi kwa fosforasi na naitrojeni. Mtambo wa ozoni ulio karibu na ziwa ungehitaji njia ya pekee ya kuikamata fosforasi kabla ya maji kuachiliwa.

Metali nazo hubaki. Ozoni hupasua bakteria lakini haiwezi kuifanya risasi ipotee. Tope likipungua, metali ile ile hujikusanya katika tope dogo lililosalia au hutoka na maji. Na yale mayai ya minyoo? Kiwango cha ozoni kinachotosha kupasua ukuta mwembamba wa bakteria si cha kutegemewa kupenya ganda la yai la mnyoo. Asije mtu akakuambia kwamba tope lililopitishwa katika ozoni ni salama kulishika kwa mikono mitupu.

La mwisho ni gesi yenyewe. Kinachopasua bakteria hakichagui, hupasua pia chembe laini za mapafu yako. Wafanyakazi hawaruhusiwi kukaa mahali penye ozoni inayozidi sehemu moja katika milioni kumi za hewa. Ikizidi hapo, macho huwasha, kifua hubana, na mwenye pumu huumia zaidi. Mtambo unaotumia ozoni ni lazima uwe na vipimo vya hewa vyenye kengele na chombo cha kuiharibu gesi iliyobaki kabla haijatoka nje. Kwa sababu hiyo hiyo, ukishawishiwa kununua mashine ya ozoni ya kusafisha hewa ya chumba cha kulala, fikiria mara mbili.

Hapa kwetu

Majitaka mengi ya Nairobi huishia katika mabwawa makubwa ya Ruai, ambayo wengi huyaita mabwawa ya Dandora. Hapo hakuna matangi ya kupulizwa hewa wala bakteria wa kurudishwa. Majitaka hupita polepole kutoka bwawa moja hadi jingine, jua na muda vikifanya kazi bila ya malipo ya stima. Tope hujikusanya chini ya mabwawa na kutolewa baada ya muda mrefu. Kuweka ozoni hapo ni kama kufunga injini ya gari kwenye mkokoteni. Kwa nchi yenye jua kama letu, mabwawa si ushamba hata kidogo, na yakitunzwa huyaondoa mayai ya minyoo majini vizuri kuliko mitambo mingi ya Ulaya, kwa sababu huyapa nafasi ya kutua na kukaa.

Ozoni ingefaa kufikiriwa kwingine. Hoteli, hospitali, viwanda na majengo mapya ya ghorofa yasiyofikiwa na bomba la jiji hujenga mitambo yao midogo ya kupuliza hewa. Hiyo hutoa tope, na tope hilo hubebwa na malori ya kunyonya vyoo. Unapoishi katika jengo la aina hiyo na unalipia usafi kila mwezi, una haki ya kumuuliza mwenye nyumba au wakala wake lori huja mara ngapi, na huenda kumwaga wapi. Akisema hajui, au akikwambia kwamba mtambo wake hautoi tope lolote na hana mashine ya kulipunguza, huenda linatoka usiku kwa mlango wa nyuma kuelekea mtoni. Maji ya Mto Nairobi huingia Mto Athi, na Athi huishia Malindi kwa jina la Sabaki. Njiani kuna watu wengi wanaoyachota.

Kwa upande wa shamba, dawa iliyo karibu nasi ni muda. Mwongozo ule wa Shirika la Afya Duniani wa 2006 unasema kwamba kinyesi kikihifadhiwa kwa zaidi ya mwaka mmoja mahali penye joto linalozidi nyuzi 20, bila ya kuongezewa kipya, mayai ya minyoo hupungua sana. Njia ya haraka ni kulichanganya tope na majani makavu au maranda na kulirundika liwe mboji, mradi joto la ndani ya rundo lizidi nyuzi 50 kwa angalau wiki moja na rundo ligeuzwe ili kila sehemu ipate joto hilo. Anayelishika avae glavu na viatu vya mpira, kwani viluwiluwi vya safura hupenya ngozi ya mguu mtupu.

Nawe unayenunua mboga jioni ukitoka kazini, usimwogope mama mboga. Sukuma wiki iliyochemka sufuriani haina yai hai la mnyoo, kwa kuwa joto la nyuzi 60 na zaidi huliua. Hatari iko katika kile unachokila kibichi: dhania, saladi, nyanya na vitunguu vya kachumbari. Vioshe jani kwa jani katika maji safi yanayotiririka, kwani mayai hayo hunata, na beseni moja la maji lililooshewa mafungu kumi huyahamisha tu kutoka fungu hadi fungu.